Fundi Aliyepaua Yuko Wapi?

Kabla sijajua kwamba nchi hii ina bodi ya kusajili makandarasi, nilikuwa nimeshapanda juu ya nyumba nyingi za Mtwivila na Kihesa, mjini Iringa. Baba yangu mdogo alikuwa fundi wa kupaua. Nilianza kumfuata nikiwa bado shule ya msingi, kwanza kwa kumshikia futi na kumwokotea misumari, halafu kwa kukata papi, zile mbao za kupigiliwa bati, na mwishowe kwa kupanda naye juu. Hakuna aliyewahi kumdai cheti. Mtu akitaka kupaua alimwendea jirani ambaye nyumba yake haivuji, akauliza ilipauliwa na nani, akaelekezwa kwetu. Na paa likivuja, mwenye nyumba alijua pa kumpata: Jumapili kanisani, jioni kilabuni, na huko kote akikosekana, kwa bibi yangu, ambaye angemtafuta mwanawe popote alipo na kumrudisha kazini kabla mvua haijanyesha tena.

Baba mdogo alikuwa na desturi moja ambayo sisi vijana wake tuliiona ya kupoteza muda. Kenchi, yaani fremu za mbao zinazobeba paa, zikishasimama na papi zikishapigwa, hakuruhusu bati lipande mpaka mwenye nyumba aje. Mara nyingi alimwita pia fundi mwenzake kutoka Kitanzini, mtu ambaye siku nyingine walikuwa wakigombania kazi zilezile. Wote watatu walizunguka ndani ya vyumba visivyo na paa, shingo zimeinuka. Yule mwenzake alikuwa na ruhusa ya kusema lolote: hapa msumari umepasua ubao, hapa kenchi imeacha timazi, hapa ungeongeza ubao wa kuegemeza. Baba mdogo alirekebisha bila kununa. "Bati likipanda," alimwambia mwenye nyumba, "mimi na wewe hatuoni tena kitu. Uliza sasa."

Nilihamia Mbeya kusomea ufundi sanifu katika chuo ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, nikabaki hukohuko kwa kazi. Mbeya haikuwa Iringa. Ni mji wa njia kuu iendayo Tunduma na Zambia, mji wa reli ya TAZARA, mji unaopokea watu kutoka Kyela, Ileje, Makete, Sumbawanga na Chunya, na kila aliyepata fedha ya mahindi, viazi, mpunga au dhahabu anataka kujenga. Mitaa ilipanda milimani kwa kasi, Nzovwe, Iyunga, Ilomba, mpaka Uyole na kuendelea. Fundi anayepaua nyumba yako leo Isanga, kesho yuko Mbalizi, mwezi ujao yuko Vwawa. Humjui kwao, wala yeye hakujui. Mnaunganishwa na namba ya simu.

Katika mji huo nilikutana na paa lililonifanya nianze kufikiria habari ya usajili kwa uzito. Mwenye nyumba alikuwa mwalimu mstaafu, mama niliyekuwa nikisali naye. Kiinua mgongo chake kilikuwa kimeishia kwenye nyumba ya vyumba vitatu upande wa Uyole. Ukuta ulijengwa na fundi mzuri, wa tofali za kuchoma, na lenta, ule mkanda wa zege, ilizunguka nyumba nzima. Fedha ilipoanza kupungua alishauriwa atafute mtu wa kupaua kwa bei ya maelewano. Akaenda kijiweni karibu na maduka ya vifaa vya ujenzi, akapata kijana mchangamfu aliyetaja bei ya chini kuliko wote, akampa advansi, na kazi ikaisha ndani ya siku chache. Kwa nje paa lilipendeza. Mama aliingia kwenye nyumba yake wakati wa baridi, mwezi Juni.

Mvua za kwanza za Novemba huja Mbeya zikitanguliwa na upepo unaoshuka kutoka milimani. Usiku mmoja upepo huo uliinua upande mzima wa paa la mama, kenchi kwa bati, ukautupa kwenye shamba la viazi la jirani. Wajukuu waliokuwa wamelala chumba cha pili walitoka salama. Asubuhi aliniita.

Nilipanda ukutani nikaona yote kwa dakika chache, kwa kuwa sasa hakukuwa na bati la kuficha. Kenchi zilikuwa zimeachana karibu futi saba. Mbao zilipigwa zikiwa mbichi, zikakauka zikiwa juu, zikajikunja na kuilegeza misumari. Ubao wa juu ya ukuta ulikuwa umelazwa tu, haukufungwa popote kwenye lenta. Vipande vya nondo ambavyo fundi wa ukuta alikuwa ameviacha vikichomoza, kwa kazi hiyohiyo, vilikuwa vimekunjwa na kulazwa pembeni ili visisumbue.

Niseme kidogo juu ya upepo, maana hapa ndipo wengi wanapokosea. Tunadhani upepo hulisukuma paa. Mara nyingi hulinyonya. Ukipita kwa kasi juu ya bati, mgandamizo wa hewa upande wa juu hupungua, wakati ule wa ndani ya nyumba umebaki palepale. Na kama dirisha au mlango umefunguka, hewa ya ndani nayo huanza kusukuma kwenda juu. Paa linanyanyuliwa. Uzito wa bati na mbao hauwezi kulizuia. Kinacholizuia ni vifungo: bati kwa papi, papi kwa kenchi, kenchi kwa ubao wa juu ya ukuta, ubao huo kwa lenta, kwa waya mnene au nondo ya milimita 6 iliyozikwa zege likiwa bichi. Kifungo kimoja kikikosekana, vilivyobaki vinaondoka pamoja na mzigo wake. Kwa mama vilikosekana vile vya chini kabisa, ndiyo maana upande ule uliruka ukiwa mzima.

Tukaanza kumtafuta kijana. Simu yake haikupatikana. Kijiweni walisema ameenda Makambako, wengine wakasema Kahama. Ofisi ya mtaa walimsikiliza mama kwa upole, wakamuuliza jina kamili la fundi. Hakulijua, alijua lile la utani. Polisi walimwambia hayo ni madai, aende mahakamani. Na mahakamani unamshtaki nani kama huna jina wala anwani? Hakukuwa na karatasi ya makubaliano. Tuliporudi nyumbani akakaa kwenye kiti cha plastiki sebuleni, mbingu ikionekana juu yake, akaniuliza: "Mwanangu, hivi huyu mtu hakuandikwa popote?"

Jibu la kweli lilikuwa kwamba hakuandikwa popote, ingawa sheria tunayo, tena ya zamani. Mwaka 1972 nchi iliweka bodi moja kuwasimamia wasanifu majengo, wakadiriaji majenzi na makandarasi wa majengo. Mwaka 1997 ikaja Sheria Na. 17 ya Usajili wa Makandarasi, iliyounda Bodi ya Usajili wa Makandarasi tunayoijua kwa herufi CRB. Mwaka huohuo wahandisi nao wakapata sheria mpya ya bodi yao. Chini ya CRB, mkandarasi wa majengo au wa barabara hupangwa katika madaraja saba, la kwanza likiwa halina ukomo wa thamani ya kazi, la saba likiwa la wanaoanza. Makandarasi maalumu wana madaraja matatu. Sheria inakataza mtu kufanya biashara ya ukandarasi bila kusajiliwa, na anayekiuka anaweza kusimamishiwa kazi, kutozwa faini au kushtakiwa. Kwenye eneo la kazi lazima kuwe na kibao kinachomtaja mkandarasi na wataalamu wake.

Sheria hii si ya mapambo. Machi 29, 2013 jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, lilianguka na kuua watu zaidi ya 30. Siku zile sote tulijifunza jinsi kibao kilivyo na maana: nani alibuni, nani alijenga, nani alisimamia, nani alitoa kibali. Maswali hayo yalikuwa na watu wa kuulizwa. Novemba 16, 2024 ghorofa la Kariakoo, jijini humohumo, lilipoanguka, maswali yalikuwa yaleyale. Kwa paa la mama, na kwa maelfu ya mapaa ya vyumba vitatu kuanzia Ipogolo kule Iringa hadi Tunduma, hakuna kibao na hakuna wa kuulizwa.

Baada ya mkasa ule wa paa la mama niliamua kusajili kampuni yangu ndogo, daraja la saba. Nilitaka mtu akiniuliza jina langu limeandikwa wapi, nimwoneshe. Safari ilianzia kwa msajili wa makampuni, ikapita mamlaka ya mapato na leseni ya biashara, ndipo ikafika ofisi ya kanda ya Bodi iliyopo Mbeya. Walitaka kujua mtaalamu wa kampuni ni nani na vyeti vyake viko wapi, vifaa nilivyo navyo, mahali ofisi ilipo, na ada. Ofisa aliyenihudumia alikuwa mwenye subira, akanieleza kwamba ada hulipwa kila mwaka na asiyelipa hufutwa kwenye orodha. Nilitoka pale nikiwa nimeridhika na nafsi yangu, na nikiwa na wasiwasi pia. Njia niliyopita ilikuwa imetengenezwa kwa mtu anayetafuta zabuni. Kijana aliyepaua nyumba ya mama hakuwa na sababu yoyote ya kuingia pale. Anapaua nyumba chache kila kiangazi, masika analima. Ada ya mwaka, mhasibu, fundi sanifu wa kuajiriwa: vyote hivyo ni vikubwa kuliko kazi yake nzima. Ukimwambia asajiliwe kama mkandarasi au aache kazi, ataendelea na kazi na atajificha zaidi.

Wenzetu wa mbali wamekutana na shida hii wakiwa na sheria nyingi kuliko sisi. Jimbo la Oklahoma nchini Marekani hupigwa karibu kila mwaka na vimbunga na mvua ya mawe, na baada ya kila dhoruba magari yalikuwa yakija kutoka majimbo mengine, yamejaa watu wanaogonga milango na kuahidi paa jipya. Walichukua malipo ya awali, baadhi wakafanya kazi mbovu, baadhi hawakurudi kabisa. Mwaka 2010 jimbo likapitisha sheria ya kusajili makandarasi wa paa peke yao. Kilichonivutia ni kile ambacho sheria ile ilianza nacho. Haikuanza kwa kumpima mtu kama anajua kupiga msumari. Ilianza kwa kutaka ajulikane jina, ajulikane anapopatikana, na awe na bima, ili aliyeharibiwa nyumba awe na mlango wa kugonga. Bima sisi tuko mbali nayo. Jina na mahali pa kupatikana hatuna udhuru wa kuvikosa.

Kuna eneo moja ambako serikali yenyewe inawatumia mafundi wasio kwenye orodha ya makandarasi, nalo ni ujenzi wa shule na zahanati kwa utaratibu tunaouita fosi akaunti. Kamati ya kijiji au ya shule hununua vifaa, huajiri mafundi wa eneo hilo, na mhandisi wa halmashauri husimamia. Mwaka 2021, kwa mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa uliotolewa wakati wa UVIKO-19, yalijengwa madarasa 15,000 nchi nzima, 12,000 ya sekondari na 3,000 ya shule shikizi, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ilishikwa na mafundi wa aina hii. Makandarasi wenzangu walilalamika sana kwamba wananyang'anywa riziki. Mimi sikuungana nao moja kwa moja. Nimepita vijiji vya Mufindi na Rungwe nikaona madarasa mazuri yaliyojengwa na vijana wa palepale, na fedha ikabaki palepale. Ninachokililia ni kwamba fundi aliyepaua darasa la watoto zaidi ya arobaini jina lake linaishia kwenye faili la malipo la kamati. Kazi ikiwa nzuri, hapati kitu cha kumwonesha mwajiri wa kijiji cha pili. Ikiwa mbaya, anahamia kijiji cha pili bila jambo lolote kumfuata. Serikali ilikuwa na nafasi ya kuwaandika maelfu ya mafundi kwa mara moja, kazi zao zikiwa mbele ya macho ya mhandisi, na nafasi hiyo ikapita.

Naingiza hapa habari ya mbao na bati, kwa sababu fundi hulaumiwa hata kwa yasiyo yake. Sisi wa Nyanda za Juu Kusini tumebahatika kuwa jirani na Sao Hill, msitu wa kupandwa mkubwa kuliko yote nchini, eneo la zaidi ya hekta 130,000 kule Mufindi. Mbao za Mafinga ndizo zinazopaua nusu ya nyumba ninazozijua. Lakini bei ya mbao ilipopanda, wakulima wa miti walianza kuuza paini changa, na mashine za kupasua mbao ziitwazo dingdong zikazifuata hukohuko mashambani. Mti mchanga una nyama laini nyingi na moyo mdogo; ubao wake unakuja na ganda pembeni, unajikunja ukikauka, na msumari haushiki. Halafu kuna dawa. Ubao uliotiwa dawa kwa mtambo wa mgandamizo hubeba shaba, kromiamu na aseniki ndani kabisa, na huo mchwa hauugusi kwa miaka mingi. Ubao uliochovywa kwenye pipa la maji ya rangi nao ni wa kijani. Kata kipande utazame ndani: kama kijani kimeishia juu ya ngozi, umeuziwa rangi.

Bati nalo lina lugha yake, na wateja wengi huisoma kinyume. Namba ya geji ikipanda, bati linakuwa jembamba. Geji 28 ni karibu milimita 0.4, geji 30 ni karibu 0.3, na geji 32 ni jembamba zaidi ya hapo. Shirika la Viwango Tanzania, lililoanzishwa kwa sheria ya 1975, lina viwango vya bati na hukagua, lakini mbele ya kaunta mnunuzi anaona rangi na migongo tu. Natembea na kipimo cha unene mfukoni, na nimewahi kurudisha mzigo mzima dukani kwa sababu kilichoandikwa na kilichopimwa havikufanana. Fundi asiyejulikana hawezi kufanya hivyo. Muuza duka atamwambia aende zake. Mwenye cheti na jina ana sauti ya kukataa kifaa kibovu, na faida hiyo ya usajili sijawahi kusikia ikisemwa.

Tunapozungumza usajili tunamfikiria mwenye nyumba. Mimi humfikiria pia kijana mmoja wa Iringa, saidia fundi wa deiwaka, yaani kibarua wa kutwa, aliyeteleza kwenye kenchi asubuhi yenye ukungu mwezi Julai, mbao zikiwa na umande. Haikuwa kazi yangu. Nilikuwa napita, nikasikia kishindo na kelele. Alivunjika nyonga. Pale chini, akiwa bado amelala kwenye kifusi, ubishi ukaanza: mwenye nyumba akasema kijana ni wa fundi, fundi akasema kazi ni ya mwenye nyumba. Matibabu yalilipwa kwa michango ya ukoo na ya mafundi wenzake, na mpaka leo anatembea kwa kuchechemea, hapandi tena juu. Nchi hii ina Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanzishwa kwa sheria ya 2008 na kuanza kukusanya michango mwaka 2015. Ina pia Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, wenye sheria yake ya 2003. Vyombo vyote viwili vinamjua mwajiri aliyeandikishwa. Kijana yule hakuwa na mwajiri kwenye karatasi yoyote, kwa hiyo kwa macho ya vyombo hivyo hakuanguka.

Jambo hili linanikera kuliko mapaa yaliyoruka. Bati hununuliwa lingine.

Lipo daraja moja kati ya fundi wa mtaani na mfumo, nalo tayari linafanya kazi. Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, VETA, iliyoundwa kwa sheria ya 1994, ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa watu waliojifunza kazi kwa kufanya. Wakaguzi humfuata fundi kazini, humtazama akifanya, humuuliza maswali kwa Kiswahili, humpa mafunzo mafupi pale alipopungukiwa, na mwishowe humpa cheti. Baba mdogo alipitia utaratibu huo akiwa mtu mzima mwenye wajukuu. Mwanzoni alikasirika: nani huyu wa kunipima mimi? Nikamsihi, akakubali kwa heshima ya mwanawe. Nilikuwepo siku ya kupimwa. Mkaguzi alikuwa binti ambaye angeweza kuwa mjukuu wake, akamwamkia shikamoo, kisha akaanza kumuuliza kuhusu mwinamo wa paa na idadi ya misumari kwa bati. Walibishana kwa muda mrefu juu ya mahali pa kuweka gata kwenye nyumba yenye mabonde mawili, na nilimwona mzee akichukua kipande cha mbao na kuchora kwa penseli ili kumweleza. Katika jambo la kufunga kenchi kwa lenta binti alimwongezea kitu: fundo la waya alilokuwa akilitumia miaka yote lilikuwa linakata ubao laini, akamwonesha la kutumia badala yake. Tangu siku ile analitumia hilo.

Cheti hicho kilimpatia kazi kwenye ujenzi wa shule, maana mhandisi aliyekuwa akichagua mafundi alitaka watu wenye karatasi. Nawajua wengine waliokipata kwa njia hiyohiyo na wengi zaidi ambao hawajawahi kuusikia utaratibu huo. Na hata wenye cheti, jina lao liko VETA. Mtendaji wa mtaa kule Ilomba, au Mwangata mjini Iringa, hana orodha yao, na mama mwalimu hana mahali pa kuuliza kabla ya kutoa advansi.

Ninachokipendekeza ni kidogo, na nimeshakisema mbele ya viongozi wa mtaa na mbele ya mafundi wenzangu. Kila ofisi ya mtaa iwe na orodha ya mafundi wa kupaua: jina kamili, namba ya kitambulisho cha taifa, anakoishi, cheti kama kipo, na nyumba alizopaua. Kujiandikisha kuwe bure. Mwenye kibali cha ujenzi aandike humo jina la fundi wake kabla kenchi hazijapanda. Pili, kuwe na ukaguzi mmoja ambao leo haufanyiki kwa nyumba za kawaida: papi zikishapigwa, kabla ya bati. Mkaguzi akitazama msingi na baadaye akarudi nyumba imekwisha, kila kitu kinachoshika paa kimeshafunikwa na bati juu na jipsamu chini.

Mafundi wenzangu waliniuliza swali la haki: nani atakagua? Mhandisi wa jiji hawezi kupanda kila nyumba, hilo kweli. Lakini fundi mwenye cheti cha VETA na uzoefu anaweza, kwa kupangwa na halmashauri, mtaa usio wake, kwa ada ndogo inayolipwa pamoja na kibali, isiyozidi bei ya bati moja au mbili. Mzee mmoja wa Simike akasema huo utakuwa mlango mpya wa rushwa. Nilimjibu kwamba ukaguzi wa kenchi una wema mmoja: kinachokaguliwa kinaonekana kwa macho, mwenye nyumba amesimama palepale chini, na picha ya simu inatosha kuwa ushahidi. Kudanganya juu ya kifungo cha waya ambacho watu watatu wanakitazama ni kugumu kuliko kudanganya juu ya mchoro. Hakuridhika sana, ila alikubali kwamba angependa paa la bintiye likaguliwe hivyo.

Kwenye mikataba yangu nimeshaliweka sharti hilo. Mteja anapata jina langu, namba ya usajili wa kampuni, majina ya vijana wote watakaopanda, na siku ya kutazama kenchi ikiwa na nafasi ya sahihi ya fundi wa nje. Wapo wateja wanaoona usumbufu, hasa mawingu yakianza kujikusanya juu ya mlima Loleza, wakaniambia nipandishe tu bati. Sipandishi.

Halmashauri hupanga bajeti zake miezi ya mvua, wakati ambao habari za mapaa yaliyoezuliwa bado ziko midomoni mwa watu, na mwaka wa fedha huanza Julai 1, kiangazi kikiwa katikati na mafundi wako juu kutwa nzima. Kifungu cha wakaguzi wa kenchi kikipitishwa na madiwani wa Mbeya na Iringa kabla ya hapo, wakaguzi wa kwanza watakuta kazi inawasubiri.